Sifuri si salama: ECG, madonge ya damu mapafuni na barabara ya Garissa

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, ingawa mtaona baadaye kwamba sijaenda mbali. Nataka tuzungumzie mashine moja ya zamani, ile inayochora mistari ya moyo kwenye karatasi yenye miraba midogo. Madaktari huiita ECG. Swali langu ni hili: mgonjwa ana donge la damu kwenye mapafu, yuko Garissa au Wajir au Mandera, na mashine kubwa haipatikani usiku huo. Je, ECG inaweza kutuambia kama hali yake ni mbaya kiasi cha kumpakia kwenye ambulensi sasa hivi?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Na sharti hilo, wapendwa, linatuhusu sisi waandishi wa programu zaidi ya linavyowahusu madaktari. Mimi si daktari, kwa hiyo sitafundisha mtu kutibu. Nitaongea juu ya namba, na namna namba inavyoweza kudanganya ikiwekwa kwenye kioo cha simu.

Donge linafanya nini

Tuanze mwanzo kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kusikia habari hii. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu au wa nyonga. Huwapata watu waliolala kitandani muda mrefu, waliovunjika mifupa, waliofanyiwa upasuaji, wenye saratani, na akina mama wajawazito au waliojifungua karibuni. Kipande cha donge kikinyofoka husafiri na damu hadi upande wa kulia wa moyo, hupita humo, kisha hukwama kwenye mishipa ya mapafu.

Dalili zake ni pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, moyo kwenda mbio, na wengine kuzirai. Shida ni kwamba dalili hizi ni za kila mtu. Nimonia inazo, kifua kikuu kinazo, pumu inazo, upungufu wa damu unazo. Ndiyo maana ugonjwa huu hupita kimyakimya.

Wengine watasema huu ni ugonjwa wa wazungu wazee wanaokaa kwenye ndege saa kumi. Sivyo. Mwaka 2011 Profesa Julius Ogeng'o na wenzake wa Nairobi walichapisha hesabu ya wagonjwa 128 waliopatikana na donge mapafuni katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kati ya 2005 na 2009. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 41. Hao ni watu wenye watoto shuleni na mifugo ya kuangalia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba. Kazi yake ya kila siku ni nyepesi, kusukuma damu kwenye mapafu ambayo kwa kawaida hayakatai. Donge kubwa likiziba njia, chumba hicho hulazimika kusukuma ukuta. Hupanuka, huchoka, na damu inayofika upande wa kushoto hupungua. Shinikizo la damu la mwili mzima hushuka. Mtu huaga dunia kwa sababu moyo wake wa kulia umeshindwa, na ndiyo maana donge la ukubwa uleule linaweza kumwacha mmoja akitembea na kumuua mwingine.

Matibabu nayo hufuata ukali. Karibu wote hupewa dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda, kama heparini. Wachache ambao shinikizo lao limeporomoka hupewa dawa kali ya kuyeyusha donge. Dawa hii si ya kuchezea. Utafiti uitwao PEITHO, uliochapishwa 2014 ukiwa na wagonjwa 1,005 wa hatari ya kati, ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha ilipunguza idadi ya walioporomoka, lakini kuvuja damu kwenye ubongo kulipanda kutoka asilimia 0.2 hadi 2. Ukimpa asiyeihitaji unaweza kumuua. Ukimnyima anayeihitaji, vilevile. Kwa hiyo kujua ukali ni nusu ya tiba.

Kilomita nazo ni sehemu ya ugonjwa

Nairobi, swali la ukali lina majibu mengi. Kuna CT ya mishipa ya mapafu, ambapo mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa kisha hupigwa picha. Kuna ultrasaundi ya moyo, inayoonyesha chumba cha kulia kikiwa kimevimba. Kuna kipimo cha damu cha troponini.

Kaskazini Mashariki hali ni nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Jumla yake ni karibu milioni 2.5, na waliotawanyika katika nchi kubwa, kavu, yenye joto. Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Kutoka Wajir kuja Garissa ni zaidi ya 300 nyingine. Mandera iko mbali zaidi, pale inapokutana na Ethiopia na Somalia. Ongeza kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, yaani Dagahaley, Ifo na Hagadera, zenye maelfu kwa maelfu ya watu wanaotegemea hospitali za kambini.

Na barabara si kilomita peke yake. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, ng'ambo tu ya daraja la Tana, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakarudia mchezo uleule. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Kuna nyakati ambapo "mpelekeni Nairobi" ni maneno matupu.

Kisha wafikirieni akina mama. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Mandera huzaa kwa wastani watoto 7.7, wakati wastani wa Kenya nzima ni 3.4. Kila ujauzito, na hasa wiki chache baada ya kujifungua, huongeza uwezekano wa damu kuganda. Hesabu ni rahisi: mahali penye uzazi mwingi pana wengi wa kuangaliwa.

Najua mtaniambia kuhusu mashine. Ni kweli kwamba kuanzia 2015 mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulifikisha mitambo katika hospitali mbili kwa kila kaunti. Ni jambo jema. Lakini yeyote aliyewahi kuangalia seva anaijua siri hii: kununua mashine ni kazi ya siku moja, kuiweka hai ni kazi ya miaka. CT inataka umeme usiokatika, dawa ya kung'arisha, fundi, na mtaalamu wa kusoma picha, tena saa nane za usiku. ECG inataka betri, karatasi, na vibandiko kumi. Inaingia kwenye mkoba. Inaweza kukaa Habaswein au Masalani bila kuhitaji chumba chake chenyewe.

ECG haioni donge, inaona moyo

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo baadhi ya wanaoandika programu za afya. ECG haijui kama una donge. Haioni mapafu kabisa. Inachopima ni umeme wa moyo. Donge dogo lililokwama pembeni halitaufanya moyo ulalamike, na mchoro utatoka safi. Donge kubwa likiuelemea upande wa kulia, mchoro unaanza kubadilika.

Ndiyo maana kuiuliza ECG "je, kuna donge?" ni kuiuliza swali la jirani. Muulize mwenyewe swali lake: "je, moyo wa kulia unaumia?" Na hilo ndilo swali la ukali.

Alama ya kwanza kujulikana iligunduliwa Boston mwaka 1935 na Sylvester McGinn na Paul Dudley White kwa wagonjwa 7 tu. Wanafunzi wa udaktari huikariri hadi leo kwa jina la S1Q3T3: wimbi S katika lidi ya kwanza, wimbi Q na T iliyopinduka katika lidi ya tatu. Ni maarufu kuliko manufaa yake. Mwaka 1997 Emile Ferrari na wenzake, Ufaransa, waliwaangalia wagonjwa 80 na kukuta alama iliyojitokeza zaidi ni nyingine, yaani mawimbi ya T yaliyopinduka kwenye lidi za kifua, kwa asilimia 68 ya wagonjwa, hasa wenye donge kubwa.

Kisha 2001 wakaja Daniel, Courtney na Kline wa Marekani, wakafanya kitu ambacho mwandishi wa programu yeyote atakipenda. Waligeuza mchoro kuwa jumla ya alama, kutoka 0 hadi 21. Iko hivi:

1. Moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika: alama 2.
2. Njia ya umeme ya upande wa kulia wa moyo imeziba nusu: 2. Imeziba kabisa: 3.
3. Wimbi T limepinduka katika lidi zote za kifua kuanzia V1 hadi V4: 4.
4. Kina cha T iliyopinduka katika V1: milimita 1 hadi 2 ni alama 1, zaidi ya 2 ni alama 2.
5. Kina chake katika V2, na tena katika V3: chini ya milimita 1 ni alama 1, milimita 1 hadi 2 ni alama 2, zaidi ya 2 ni alama 3.
6. Wimbi Q katika lidi ya tatu: 1. T iliyopinduka katika lidi hiyohiyo: 1. S1Q3T3 ikikamilika: 2 za nyongeza.

Tufanye mfano wa kubuni. Moyo unapiga mara 118, hiyo ni 2. T zimepinduka V1 hadi V4, hizo ni 4. Kina ni milimita moja na nusu kote, yaani 1 kwa V1, 2 kwa V2, 2 kwa V3. Jumla 11. Kwa mujibu wa utafiti huo, 10 na kuendelea ni ishara ya kwamba shinikizo ndani ya mishipa ya mapafu limepanda vibaya.

Mwajua hii ni kazi ya mistari mingapi ya programu? Hamsini, ukiandika kwa utulivu na kuacha nafasi. Haitaki intaneti. Haitaki seva Ulaya. Inaweza kukaa kwenye simu ya bei nafuu ya afisa wa kliniki, na hata kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Na 2015 Jacob Shopp, Kline na wenzao walikusanya tafiti 10 zenye wagonjwa 3,007, wakapata alama sita za ECG zinazoashiria kuporomoka au kifo ndani ya siku 30: mapigo zaidi ya 100, S1Q3T3, njia ya kulia kuziba kabisa, T kupinduka V1 hadi V4, mstari wa ST kupanda katika lidi iitwayo aVR, na moyo kupiga bila mpangilio kwa aina iitwayo atriali fibrileshini. Kwa hiyo si mchezo wa timu moja. Mistari hii inasema kitu.

Sharti lenyewe

Sasa nafika kwenye sharti nililotaja mwanzo.

Katika utafiti wa 2001, alama 10 na zaidi ziliwatambua asilimia 23.5 tu ya wenye shinikizo kubwa. Upande wa pili, kati ya wasio nalo, asilimia 97.7 walibaki chini ya 10. Tafsiri ya mtaani: chukua wagonjwa 100 wenye hali mbaya, mtihani huu unawanasa kama 24 na kuwaachia 76 wapite. Chukua 100 wasio na hali hiyo, unawasingizia wawili au watatu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ukiyaona mawingu haya, yaamini, anza kuanua nguo. Usipoyaona, usiseme hakuna mvua.

Mtihani huu unaenda upande mmoja tu, na hapa ndipo programu mbaya inapoweza kuua. Mwandishi wa programu akipewa namba kutoka 0 hadi 21, mkono wake unakwenda wenyewe: nyekundu kwa 10 na zaidi, njano katikati, kijani kwa 0. Kijani! Muuguzi aliye peke yake usiku, mwenye wagonjwa thelathini, akiona kijani atafanya nini? Atakwenda kwa mgonjwa mwingine, na hatakuwa na kosa, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia aende.

Wenzangu mnaojua kuandika programu mnaelewa tofauti ya sifuri na kitu tupu. Sifuri ni jibu. Kitu tupu maana yake hakuna jibu. Ni kosa la kwanza tunalokemea kwa wanafunzi wa hifadhidata: usiweke 0 mahali ambapo hujui. Basi katika alama za ECG, 0 inafanana zaidi na kitu tupu. Maana yake ni "mchoro haukuniambia lolote," na kamwe si "mgonjwa yuko salama."

Zipo sifuri za aina nyingine pia, na ndiyo sababu ya kutozichanganya. Kipimo kiitwacho sPESI, cha 2010, kinauliza mambo sita: umri zaidi ya miaka 80, saratani, ugonjwa sugu wa moyo au mapafu, mapigo 110 au zaidi, shinikizo la juu chini ya 100, na oksijeni chini ya asilimia 90. Huko, 0 ilijaribiwa kama ishara ya hatari ndogo kwa mtu ambaye donge lake limeshathibitishwa. Hiyo ni sifuri yenye maana. Programu ikiziweka hizi mbili kando kwa kando kwa rangi moja na ukubwa mmoja wa herufi, imewachanganya watu kwa makusudi.

Na akili unde je?

Najua kuna atakayesema: acha mambo ya 2001, siku hizi kuna akili unde, tupe michoro tu, kompyuta itajifunza yenyewe. Nami naipenda akili unde, inanilisha. Lakini tazameni hesabu. Watafiti wa Mount Sinai, New York, walichapisha 2022 mfumo wa kutambua donge mapafuni. Kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni ukamilifu, ECG peke yake ilipata 0.59. Walipoiunganisha na rekodi za mgonjwa ikafika 0.81. Hilo lilikuwa swali la kama donge lipo, si la ukali, na linathibitisha nilichosema: ukiiuliza ECG swali lisilo lake, hata kompyuta ya mamilioni haitakusaidia sana. Na kilichoongeza alama ni rekodi, yaani faili la mgonjwa. Hebu niambieni mgonjwa aliyefika jana kutoka Hulugho faili lake liko wapi.

Kisha kuna suala la damu na asili yetu. Mkusanyiko mkubwa wa ECG ulio wazi kwa yeyote kuutumia, PTB-XL, una michoro zaidi ya 21,000 na ulitoka Ujerumani. Inajulikana pia kwamba baadhi ya vijana wazima wenye asili ya Afrika wana T zilizopinduka kwenye lidi za kifua bila ugonjwa wowote. Hao wanaweza kupata alama za bure. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kikali, au aliyepika kwa kuni miaka thelathini ndani ya nyumba iliyofungwa, anaweza kuwa na moyo wa kulia uliochoka zamani, kabla ya donge lolote. Alama iliyopimwa Marekani haijui hayo.

Dawa ya tatizo hili haihitaji akili unde. Ni mchoro wa zamani wa mtu huyohuyo. Ukiwa na ECG ya mwaka jana na ya leo, unaona kilichobadilika. Sisi tunaita hii kulinganisha matoleo, na tunaifanya kila siku kwa msimbo wetu. Lakini huwezi kulinganisha na kitu ambacho hakikuhifadhiwa. Karatasi nyingi za ECG ni zile zinazoandikwa kwa joto, na karatasi ya namna hiyo huharibika kwa joto. Iache kwenye dashibodi ya gari, Garissa, mchana wa Februari, halafu urudi uisome.

Ukitaka mfano wa waliofanya kwa mpangilio, nenda Brazil. Mwaka 2005 jimbo la Minas Gerais lilianza mtandao wa kuunganisha miji midogo na vyuo vikuu. Muuguzi anapiga ECG huko mashinani, anaituma, daktari wa moyo anaisoma na kurudisha jibu. Miaka 15 baadaye, 2020, walichapisha akili unde iliyofunzwa kwa michoro zaidi ya milioni 2 ya watu wao wenyewe. Oneni mpangilio: kwanza watu na waya, kisha hifadhi, akili unde mwisho. Sisi tunataka kuanza na paa.

Wala wazo la kutuma mchoro si geni. Willem Einthoven, baba wa ECG, alituma mchoro wa moyo kwa waya wa simu mwaka 1905 kule Leiden, Uholanzi, kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Miaka zaidi ya 100 imepita. Hatuna kisingizio.

Pingamizi nazozijua

La kwanza: mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2019 hupanga ukali kwa shinikizo la damu, PESI, hali ya chumba cha kulia kwenye ultrasaundi au CT, na troponini. ECG haiko kwenye jedwali kuu. Sawa kabisa. Mwenye ultrasaundi na mtu wa kuishika aitumie, na hoja yangu hapo imekwisha. Nazungumzia mahali ambapo jedwali hilo lina safu tupu. Hapo ECG si mpinzani wa ultrasaundi, ni mpinzani wa kubahatisha.

La pili: kama donge halijathibitishwa, tunapima ukali wa nini? Swali zuri. Lakini afisa wa kliniki hupima uwezekano kila siku. Mama aliyejifungua siku tisa zilizopita, mguu mmoja umevimba, pumzi imekata ghafla, oksijeni imeshuka: huyo tayari anashukiwa. ECG inasaidia pia kuona mambo mengine, kama shambulio la moyo. Alama 11 kwa mtu wa namna hiyo ni sababu ya kupiga simu usiku huo bila kusubiri asubuhi. Si sababu ya kumdunga dawa ya kuyeyusha bila daktari.

La tatu: mtawapa watu kazi zaidi. Hili ndilo naliogopa. Muuguzi hana nafasi ya programu ya 15 kwenye simu yake. Ndiyo maana iwe ndogo.

Programu ninayoitaka

Kama kuna kijana Garissa, Wajir au Dadaab anayejua kuandika programu, hii hapa orodha yangu. Ichukue, ni bure:

1. Ifanye kazi bila intaneti. Itume mchoro mtandao ukirudi.
2. Ianze na mapigo, shinikizo na oksijeni kabla ya kugusa ECG. Mwenye shinikizo lililoporomoka ni mgonjwa wa hatari kubwa hata mchoro wake ukiwa safi, na asicheleweshwe kwa kuhesabu milimita.
3. Ionyeshe hesabu yote, alama kwa alama, ili daktari aliye upande wa pili wa simu aweze kuipinga. Sanduku jeusi tusilitake.
4. Isiwe na kijani. Chini ya 10 iandike maneno: "Mchoro hautoshi kusema. Mwangalie mgonjwa, rudia kipimo."
5. Ikumbushe kurudia. Mchoro mmoja ni picha, michoro miwili ni habari.
6. Ihifadhi mchoro pamoja na kasi ya karatasi. Kawaida ni milimita 25 kwa sekunde na milimita 10 kwa milivolti, lakini picha ya simu iliyopigwa kwa kuinama huharibu vipimo vyote, na hapa tunahesabu milimita moja moja. Mashine ikiweza kutoa faili, chukua faili, acha picha.
7. Ilinde siri ya mgonjwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Picha ya ECG yenye jina la mama wa watu ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp si ubunifu.
8. Iwe programu huria, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili na Kisomali. Mfadhili akiondoka, msimbo ubaki.
9. Baada ya mwaka, kaunti iulize swali moja: waliopata 10 na zaidi waliishiaje, na waliopata chini ya 10 waliishiaje? Hapo ndipo tutajua alama za Wamarekani zinatufaa kwa kiasi gani, au tunahitaji zetu.

Namba tisa ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo itakayosahaulika kwanza, kwa sababu haina utepe wa kukata wala mgeni rasmi.

Nimalizie. Kaunti hizi tatu zimeahidiwa mengi na watu waliokuja na kompyuta na kuondoka nazo. Sitaki tuongeze ahadi. Mashine ya ECG ni ndogo, ni ya zamani, na inajua jambo moja: moyo wa kulia ukielemewa, mara nyingine hupiga kelele. Tukisikia kelele hiyo, tukimbie. Tusiposikia, tubaki kando ya kitanda. Kazi yetu sisi wa programu ni kuhakikisha kioo cha simu hakimwondoi muuguzi pale kitandani kwa rangi nzuri.

Nawasilisha.